Nguo ya Baba Mkwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya huyu aliye tumboni, maana naye ni wako na hajaweza kusema mwenyewe. Baba naye nampa shikamoo yake. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa mkono wa mchungaji ilifika, au imeishia Lushoto mjini? Kifua cha baba je? Mwambie ukungu wa asubuhi si wa kuutokea na shati peke yake, hata kama viazi vinamwita. Naomi aliniandikia kwamba siku hizi hapo Mtae kila kitu kipo dukani, sabuni za kila rangi na redio zinazoimba mchana kutwa, na tunayokumbuka ya kupanga foleni ya sukari watoto wanaona ni hadithi. Nilifurahi. Huku nako ni wazima, tunakula, tunalala, baridi ni ya Magamba mara mbili, lakini nyumba ina moto.

Naomi, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Mpaka hapa soma kwa sauti, baba asikie. Kisha sema barua imeisha, ikunje. Inayobaki msomee mama mkiwa wawili tu, kule chini kwenye shamba la viazi, mahali ambapo baba hapiti wala shangazi Damari hapiti. Nakuomba sana. Shangazi akiyasikia haya kabla mama hajaamua la kufanya, Mtae nzima itakuwa nayo kabla basi la alfajiri halijaondoka.

Sasa mko wawili. Mama, naogopa. Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza na jambo lenyewe: nimeuona uchi wa baba mkwe wangu, na nina mimba.

Usiweke barua chini. Endelea kusikiliza, halafu utasema.

Unakumbuka wiki ile kabla ya ndoa yangu, shangazi Damari aliponiweka chumbani na kunifunda. Mambo mengi nimeyasahau, mengine huku hayana kazi, nani atachota maji mtoni hapa. Lakini ya ukwe sijasahau hata moja. Alisema, baba mkwe usimtaje jina. Ukisikia anakuja, kaa kando. Ukipita karibu na alipo, kohoa, ajue uko. Chumbani kwake usitie mguu. Na uchi wake ukiuona, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, litakalolipa ni tumbo lako. Akanikumbusha mke wa Zakaria wa kule bondeni, aliyemwinua mkwewe alipoanguka bafuni, na mtoto akazaliwa bila kulia. Nilikuwepo siku ile, mama, nilimwona yule mtoto. Nilikuwa mdogo lakini nilimwona.

Na ile mimba yangu ya kwanza ilipotoka, hapa hapa Uskoti, barua yako iliniuliza neno moja tu: kuna mwiko uliouvunja? Nikajibu hapana, na ilikuwa kweli. Sasa ukiniuliza nitajibu nini?

Tangu nifike kwenye nyumba hii nimeishi kama nilivyofundwa. Andrea aliponioa na kunileta kutoka Magamba, mradi wao wa misitu ulipokwisha, alisema tutakaa kwa baba yake kwa muda, mzee yuko peke yake tangu mama yao afariki. Muda huo haujaisha hadi leo. Andrea yuko kwenye mitambo ya mafuta katikati ya bahari, anakaa huko majuma kisha anarudi, na mimi nabaki na mzee. Mzee ni mtu mwema. Siku ya kwanza aliniambia nimwite Dankani. Mama, nitamwitaje mkwe wangu Dankani? Nikamwita Baba, akakunja uso, akadhani namdharau. Chakula chake nilikuwa naweka juu ya meza ndogo nje ya mlango wake, nagonga, naondoka. Na kukohoa nilikohoa, kila nikipita kwenye korido, asubuhi na jioni. Unajua alifanya nini? Alimpigia Andrea simu baharini akamwambia, mkeo ana kifua, mpeleke hospitali. Nikapelekwa, nikapigwa picha ya kifua, daktari akasema mapafu yako ni mazuri kama ya mbuzi wa mlimani. Na mimi nikarudi nyumbani nikaendelea kukohoa. Mzee akakata tamaa.

Kisha mwaka huu akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ukafa, na mdomo upande huo ukalegea kidogo, lakini akili iko pale pale na ukali wake uko pale pale. Kuna mama mmoja wa hospitali anayekuja asubuhi kumwosha na kumvisha. Kwa hiyo mimi sikuwa na hofu. Niliendelea na meza yangu ndogo ya mlangoni.

Sasa sikiliza lililonikuta. Kaka yake mzee, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya kilima, alifariki. Ni yeye tu aliyekuwa amebaki katika ndugu zake. Walikuwa wakionana Jumapili baada ya kanisa, wanakaa kwenye benchi wanazungumza lugha yao ya zamani, ya bibi yao, ambayo hata Andrea haijui. Huku, mama, jeneza halishushwi kaburini na vijana wowote wenye nguvu kama kwetu. Linafungwa kamba, na kila kamba ina mwenyewe, kwa udugu. Kamba ya kichwani ilikuwa ya baba mkwe. Asipokwenda kuishika, ni kama kamkana ndugu yake mbele ya watu. Na mwanaume wa ukoo wao hendi kushika kamba hiyo na suruali. Anavaa kilti.

Naomi, ile sketi yako nzito ya miraba uliyoipata kwenye mitumba mnadani Lukozi, yenye mikanda midogo ya ngozi kiunoni, ambayo na mimi nilikuwa naiazima kwendea kanisani: ile si sketi. Ni nguo ya mwanaume. Ni vazi la ukoo, kila ukoo na rangi zake. Usicheke sana, umeshaivaa mbele ya askofu.

Ni kitambaa cha sufu kirefu, hakijashonwa kikafungwa, unajizungushia kama kanga kisha unakibana kwa mikanda. Yote hayo ni sawa. La kunitisha nilikuwa nimeambiwa na jirani yetu Bi Margareti, mjane wa nyumba ya chini, huku akicheka mpaka machozi: chini ya nguo hiyo wanaume wa huku hawavai kitu. Hawavai, mama. Na upepo wa huku ni wa kung'oa mabati.

Andrea alikuwa arudi siku moja kabla amvishe baba yake. Asubuhi ya mazishi simu ikalia. Ni yeye, yuko bado baharini, ukungu umeshuka, helikopta haiwezi kuruka. Sijaweka simu chini vizuri, ikalia tena. Yule mama wa hospitali, ana homa, hawezi kuja. Nikasikia jasho mgongoni na nje kuna barafu.

Nikapanda ngazi, nikakohoa mlangoni kwake, nikamwambia, "Baba, nimpigie Bi Margareti aje akusaidie?"

Akajibu kutoka ndani, "Huyo aje aone mkono huu, na jioni bonde zima lijue Dankani hawezi kujifunga kifungo? Hapana."

"Basi mmoja wa wanaume."

"Wanaume wote wako kwa marehemu. Njoo wewe."

Akasema tena, taratibu zaidi, "Binti yangu, njoo. Wananisubiri."

Mama, nilisimama kwenye korido ile nimeshika tumbo kwa mikono miwili. Nilikuwa naomba Mungu, na katikati ya sala namwona shangazi Damari na kidole chake. Mchungaji wetu angenicheka. Na acheke. Hakumwona mtoto wa Zakaria.

Kisha nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tukibadili nguo mtoni sisi wasichana, wavulana wakiwa ng'ambo wanachungulia. Nguo ya juu inafungwa kwanza, ya chini inatoka baadaye, na hakuna aliyewahi kuona kitu. Nikajiambia, nguo hii si ni ya kujizungushia? Basi itavaliwa kama kanga.

Nikaingia kinyumenyume. Usinicheke. Niliingia chumbani kwa mkwe wangu nikiwa nimempa mgongo, naangalia mlango, nguo ile nimeishika nyuma yangu. Alikuwa amekaa kitandani na pajama. Akaniuliza, "Unafanya nini?" Nikasema, "Baba, kwetu ndivyo tunavyoingia." Nadhani alianza kuogopa na yeye.

Aliposimama akajiegemeza kwenye kabati, nikageuka macho yakiwa juu, kwenye dari, nikamzungushia ile kilti juu ya pajama. Nzito, mama, kama blanketi lililolowa. Nikavuta mikanda, nikabana. Nikarudi nyuma nikaangalia kuanzia kiunoni kwenda chini, imekaa vizuri, marinda yamepangika mbele kama nilivyokuwa naivaa kanisani pale Mtae.

Mzee akajitazama kwenye kioo. Akajitazama sana. Akasema, "Umenivisha nyuma mbele."

Kumbe marinda ni ya nyuma! Mbele panatakiwa pawe bapa, na ukingo wa nje uangukie upande wa kulia. Sisi tumeivaa miaka yote marinda mbele, na fundi wa Lukozi akaishona pembeni ikafungwa. Nikamwomba radhi. Na yeye, ambaye hajacheka tangu augue, mdomo wake ule upande mmoja ukapanda. Akasema kaka yake angekufa mara ya pili kwa kicheko.

Nikailegeza, nikaizungusha kiunoni mwake bila kuiondoa. Hapo akaanza kunifundisha, macho yangu yakiwa kwenye pazia. Ipande juu, kitovuni, si kwenye nyonga kama suruali. Mkanda wa ndani upitie kwenye tundu lake kwanza, ndipo wa nje. Ukibana sana hatapumua akikaa, ukilegeza sana itashuka kidogo kidogo mpaka magotini. Pindo liishie katikati ya goti. Nilikuwa nafuata maneno yake kama mtoto wa kipaimara anayefuata katekisimu, na hofu ikaanza kupungua kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Ikabaki pajama. Miguu ya pajama inaonekana chini ya kilti, buluu yenye mistari. Akasema, "Itoe." Nikasema, "Baba, hiyo siwezi." Akasema, "Na mimi siwezi, nina mkono mmoja." Tukatazamana. Mimi nikiwa natazama sikio lake.

Nikaenda kuchukua mkasi. Nikapiga magoti mbele ya mkwe wangu, nikakata miguu ya pajama juu ya goti, wa kulia na wa kushoto, pajama nzuri kabisa ya Krismasi. Ikabaki kaptula ndani, haionekani, na hakuna aliyeona cha mtu. Mzee akaangalia vile vipande vya kitambaa sakafuni, akasema, "Andrea asijue." Nikasema, "Hatajua." Nikamvisha soksi ndefu na viatu, nikamfunga kile kipochi cha manyoya kinachoning'inia mbele ya kilti, na nilipotoka chumbani nilikuwa nahema kama niliyepanda Mtae kutoka Mnazi kwa miguu. Lakini nilijua nimepona. Mwanangu amepona. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, nikanawa uso.

Kaburini upepo ulikuja kama nilivyojua utakuja. Nikasimama nyuma yake kabisa, karibu, koti langu limefunguka kuzuia marinda yasiinuke. Watu walidhani ni upendo, Bi Margareti akanipa leso. Mzee alishika kamba ya kichwani kwa mkono wake mzima, na jeneza likashuka sawa. Hakulia. Kwenye chai ya mazishi, alipotaka kukaa nikamnong'oneza, "Baba, subiri," nikayalaza marinda kwa kiganja nyuma yake kabla hajakaa, kama tunavyofanya na rinda la kanisani, na alipokaa aliweka magoti pamoja. Nilianza kujisifu moyoni. Nilijiona mkamwana hodari.

Tuliporudi nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Nikasema nitamsaidia kuvua vile vile tulivyovaa: pajama nyingine ivaliwe kwanza chini yake, halafu mikanda ifunguliwe, nguo ya juu itoke mwisho. Akasema hapana, kuvua anaweza mwenyewe. Mikanda ya kuvuta kwa mkono mmoja si kazi. Alikuwa anajivunia siku ile, sikutaka kumvunja moyo. Nikamwekea pajama safi kitandani nikashuka jikoni kuweka maji ya chai.

Nikasikia kishindo.

Niliita, "Baba!" Hakuna jibu. Nikapanda ngazi, nikasimama mlangoni, nikaita tena. Ndani kulikuwa na sauti kama ya mtu anayekwaruza sakafu. Mama, nikwambie ukweli, sikuingia mara moja. Nilisimama. Mkono uko kwenye kitasa na mwingine kwenye tumbo, nafikiria: nikiingia namuua huyu, nisipoingia namuua yule. Sijui nilisimama muda gani. Kisha alikohoa. Mzee alikohoa huko ndani, kikohozi kidogo, kama changu cha korido. Sijui kama alikusudia. Nikafungua mlango.

Alikuwa amelala chini kati ya kitanda na kabati. Kilti imefunguka imebaki nyuma yake, na ile kaptula ya pajama alikuwa ameishusha mpaka magotini ndipo ikamkwaza. Damu ilikuwa kwenye paji la uso. Niliona, mama. Sikuona kwa jicho la pembeni, niliona kama mtu anavyoona mchana. Alijiziba uso kwa mkono wake mzima, si kwingine, uso, akasema, "Usiangalie, binti yangu, usiangalie."

Nikasema, "Siangalii." Na nilikuwa naangalia, kwa sababu huwezi kumwinua mtu bila kumwangalia.

Nilimfunika kwa kanga yangu niliyojifunga, nikamwinua mpaka kitandani. Mzito. Nikahisi kitu kinavuta hapa chini ya tumbo. Nikakaa sakafuni nikisubiri damu yangu. Haikuja. Nikamwita Bi Margareti na daktari akaja. Mzee alishonwa paji la uso, hakuwa na jingine. Daktari akanipima na mimi, akaniwekea tumboni kile kipaza sauti, nikausikia moyo wa mtoto ukikimbia. Akasema kila kitu kiko sawa. Lakini daktari anajua ya daktari. Hakuulizwa nililotaka kuuliza.

Tangu siku hiyo, mama, sina usingizi. Tumbo likikaza kidogo naona ndiyo hiyo. Mtoto akikaa kimya nasema amekwenda. Nikiweka chakula kwenye meza ya mlangoni, mchuzi unamwagika. Andrea aliporudi nilimwambia. Alinikumbatia, akasema ni hofu tu, ni mambo ya zamani, na akacheka kidogo, si kwa ubaya. Nilimchukia siku mbili tatu. Yeye aliyala makande yetu, akaingia kanisani kwetu, akamlipia baba mahari yote hadi blanketi la bibi, na hakuuliza hata mara moja tunaogopa nini.

Aliyeuliza ni mzee. Alinikuta jikoni nalia juu ya vitunguu ambavyo sijavikata. Akasema, "Nimekukinaisha. Umeona mwili wa mzee na sasa huwezi kunitazama." Mama, kumbe miezi yote hii alidhani namkimbia kwa kinyaa, tangu augue. Meza ile ya mlangoni aliona ni kama ya mtu mwenye ukoma. Basi nikamwambia. Nilimweleza yote, ya shangazi Damari, ya kukohoa, ya mke wa Zakaria, ya mimba iliyotoka. Nilidhani atacheka kama mwanawe. Hakucheka. Alikaa kitini akasema bibi yake naye alikuwa na yake ya namna hiyo, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Akaniuliza, "Na ikitokea, kwenu mnafanyaje?"

Nikamwambia ninachojua, nacho ni kidogo. Kwamba aliyeonekana ndiye mwenye neno. Akiwa na kinyongo, kinyongo hicho ndicho kinachoshuka tumboni. Akikiondoa kinyongo chake, huchukua maji mdomoni akampulizia aliyemwona, na kusema maneno. Kwamba pengine na mbuzi huchinjwa, hilo wanalijua wakubwa.

Akaomba maji. Nikampa kikombe. Nikasimama mbele yake, nikafumba macho. Upande ule wa mdomo haufungi, mama, maji yote yakamtiririka kidevuni na kwenye shati. Akajaribu tena, yakamwagika tena. Mara ya tatu akabana mdomo kwa vidole vyake, akapuliza, nikasikia matone machache kwenye mikono yangu na moja kwenye tumbo. Kisha akasema maneno. Hakuyasema kwa Kiingereza. Aliyasema kwa ile lugha ya bibi yao, ambayo sasa hana tena wa kuzungumza naye, akazungumza kwa muda, kichwa kimeinama, kama anamweleza huyu wa tumboni jambo refu. Sikumuuliza amesema nini. Niliogopa kuuliza.

Sasa hili ndilo ninalokuuliza wewe. Maji yakiwa machache vile, inatosha? Na maneno yakisemwa kwa lugha ambayo wazee wetu hawaijui, wanaisikia? Nisipojua nitafika siku ya kujifungua nikiwa nimeshakufa kwa hofu. Usiniandikie ya kunituliza, mama. Niandikie ya kweli. Kama ni lazima shangazi Damari ajue, basi mwambie wewe, kwa maneno yako, na umwambie mlango niliufungua mimi, hakuna aliyenilazimisha.

Nisalimie baba, mwambie tu kwamba mkwe mwenzake aliumwa na sasa anatembea. Nisalimie kaka Yohana na mkewe, na yule mtoto wao niliyemwacha anatambaa. Msalimie bibi mzaa baba, mpigie kelele sikioni asikie ni mimi. Naomi, wewe nakusalimia mwisho kwa sababu ndiwe uliyebeba mzigo wa kuyasoma haya.

Nilikuwa naweka kalamu chini, mzee ameingia jikoni na fimbo yake. Ameuliza kama hii ndiyo barua ya kwa mama. Nimesema ndiyo. Amekaa, na amesema nikuandikie maneno haya kama anavyoyasema: kwamba yeye hafahamu njia zenu na anaomba radhi kwa hilo. Mbuzi hana, bonde hili lote halina mbuzi. Ila ana kondoo, na jana ametoka kwenye baridi akachagua mmoja, mweupe, asiye na kilema, amemtenga peke yake bandani. Anauliza kama kondoo anafaa. Na kama anafaa, anauliza ni nani anayeruhusiwa kumshika wakati wa kuchinja, maana yeye mkono mmoja haufanyi kazi, na hataki kunigusisha tena kitu nisichotakiwa kukigusa.

Mwanao,
Rebeka